Chumba cha Mkwe Juu ya Tela

Mume wangu hajawahi kumwona mama yangu akila. Tumeoana muda mrefu, tuna watoto wanaovaa viatu vikubwa kuliko vyake, na bado mama akiwa kwetu Mlabani na chakula kikiiva, yeye au mama huhamia nyuma ya nyumba. Hakuna anayewalazimisha. Mkwe hasogelewi, hatazamwi usoni, na chumba anacholala hakiingiwi. Mume wangu amekulia hivyo upande wa Mahenge, mama amekulia hivyo huku bondeni, kwa hiyo katika jambo hilo walielewana tangu siku ya kwanza bila kuambizana neno. Asubuhi mume wangu huinama kidogo, mbali, karibu na banda la kuku, na kusema, "Shikamoo mama." Mama huwaangalia kuku na kujibu, "Marahaba, mkwe." Hapo wamemaliza.

Mengine yote yalikuwa yakipitia kwangu. "Muulize mama kama atakunywa chai." Mama yuko palepale, amesikia. Nageuka: "Mama, anauliza kama utakunywa chai." "Mwambie nitakunywa." Nageuka tena. Wageni walikuwa wakicheka. Mimi nilishaacha kucheka, maana kazi hiyo haina likizo.

Nalisema hili mapema kwa sababu bila hilo kijumba cha mama hakieleweki.

Mume wangu anachomelea vyuma, mimi nashona viti vya magari na maturubai, na karakana yetu ni moja. Vijumba vilianza kwa bahati. Alikuja bwana mmoja aliyekuwa akizunguka bondeni kupima maji ya mito. Alichoka kulala kwenye kiti cha mbele cha pikapu yake, na alitaka mahali pa kulala pa kuweka nyuma, lakini paweze kushushwa siku anapobeba mabomba. Mume wangu alichora kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, akafuta, akachora tena. Alichopata mwishoni kilikuwa vipande: sakafu, kuta nne na paa, kila kimoja kinabebwa na watu wawili, vyote vinashikana kwa bolti. Chini kuna miguu minne ya kukunja. Ukiikunjua, gari linatoka taratibu na kijumba kinabaki kimesimama chenyewe. Ukiwa na gari jingine, au tela, unabadilisha sakafu tu, kuta ni zilezile.

Baada ya bwana wa mito walikuja wauza mitumba wanaohama mnada hadi mnada, kisha wanunuzi wa mpunga wanaolala karibu na magunia yao. Kila mmoja alitaka lake. Mmoja alitaka meza ya kukunja, mwingine alitaka kabati la viatu, na mwingine alitaka dirisha kubwa, kisha akalirudisha akisema watu wanamchungulia.

Ugonjwa wa mume wangu ni uwazi. Hawezi kuvumilia pengo. Pembeni mwa kila mlango aliweka mpira uliong'olewa kwenye milango ya magari mabovu, na kabla ya kukabidhi kazi alikuwa akiniingiza ndani saa sita mchana na kufunga.

"Unaona mwanga?" anauliza kutoka nje.

"Naona joto," namjibu.

Jambo jingine alilolishikilia ni bolti. Wateja wake hulala kwenye sehemu wasizozijua, na mwizi mwenye spana anaweza kufungua ukuta mzima wakati mtu anakoroma. Basi kichwa cha bolti kinachokaa nje ni cha mviringo, hakishikiki, na nati zote ziko ndani. Alijivunia hilo kuliko kitu kingine, na mimi nilimsifia.

Shamba la mama liko ng'ambo ya Mchombe, mbali kidogo na barabara ya Mlimba. Kama wenzake wote, mpunga ukianza kutoa masuke yeye huhama. Anachukua sufuria, chandarua na kuku wawili, anakwenda kuishi shambani hadi mavuno. Huko alikuwa na dungu lake, yaani jukwaa la miti lenye paa la nyasi, refu kumzidi mtu, ambalo mtu hukaa juu yake akiwaona ndege na nguruwe kabla hawajafika, na maji yakipanda hayamfikii. Kutoka dunguni kamba zilienda kila upande wa shamba, zimefungwa makopo. Ukivuta kamba, makopo yanalia na ndege wanaruka.

Msimu mmoja kidato cha ngazi kilikatika akiwa anashuka, akaanguka na kuumia nyonga. Kaka yangu, anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa, ndiye aliyekwenda kumchukua. Alimbeba mgongoni akipita juu ya matuta ya majaruba ya mpunga hadi barabarani. Sikuwepo. Kaka hakunisimulia, nilisimuliwa na majirani, na walisema alikuwa analia huku anatembea.

Mama alipona, lakini ngazi ikawa basi. Kaka akasema shamba likodishwe, na mama akaishi kwake kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako kuna umeme na maji ya bomba. Alilisema vizuri, kwa upole. Nilikuwa na hasira naye, na hasira ilizidi kwa sababu nilijua ana hoja.

Mama hakubishana. Alikaa kwetu kiangazi chote akichambua maharage na kuwakosoa watoto. Mvua za kwanza ziliponyesha nilimkuta anauwekea jembe mpini mpya.

"Mama, mchele tutanunua," nikamwambia.

"Najua mtanunua. Hapa nipo kwenu. Kwa kaka yako nitakuwa kwake. Kule ndiko kwangu."

Nilipeleka maneno hayo karakana, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Mume wangu alisikiliza, akaendelea kukata chuma, halafu akazima mashine na kuniuliza mama anaweza kuinua mguu kiasi gani.

Ndipo shida ilipoanza. Kijumba cha kulala hupimwa kwa mwenye kulala, naye hakuweza kumpima mama mkwe wake. Nililala mimi sakafuni akanizungushia chaki, kisha nikamwambia mama ni mfupi na mnene kuliko mimi, akafuta upande mmoja na kuongeza mwingine, bila kuniangalia. Nilipopanga matofali uani ili mama apandishe mguu tuone kimo cha kidato, mume wangu alikumbuka ghafla kwamba anahitaji kwenda kununua vyuma vya kuchomelea. Tulikuwa navyo tele.

"Muulize mama analala ubavu gani."

"Mwambie ule usiouma."

"Muulize ni upi."

"Mwambie inategemea siku."

Kaka alikubali kwa sharti, akalisema kwenye simu mama akisikia. Msimu mmoja wa kujaribu. Likitokea jambo lolote, hata liwe dogo, shamba linakodishwa na mama anakwenda kuishi naye. Mama akasema, "Sawa." Nilimjua vya kutosha kufahamu kwamba hilo "sawa" lilikuwa limebeba kila alichokuwa nacho.

Kilikuwa kijumba bora kuliko vyote tulivyowahi kutengeneza. Kilikaa kwenye tela la pawatila, lile trekta dogo la mkono, chini chini, kidato kimoja tu. Mlango ulikuwa wa mbao ngumu na mpira ule pembeni, hewa ilipitia juu penye wavu, na kamba za makopo ziliingilia dirishani ili avute akiwa kitandani. Nilishona godoro na pazia, na rangi ya pazia alichagua mama. Siku ya kukabidhi, mume wangu alifagia vumbi la mbao, akatoa vifaa vyake vyote, akasimama mlangoni kidogo akiangalia ndani, kisha akatoka. Mama alilala humo uani kwetu usiku mmoja wa kujaribu. Kesho yake taa ililegea na mume wangu akanipa bisibisi. Sikulitilia maanani.

Kaka alitumiwa picha. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mmemweka mama kwenye boksi." Baadaye alipiga simu akasema wenzake kazini watauliza mama yake anaishi wapi, naye ajibu nini, anaishi kwenye tela kama gunia?

Wiki za mwanzo mambo yalikwenda. Mvua ilipozidi, pawatila ya jirani ilivuta tela hadi kwenye kichuguu, na dungu halihamishiki hivyo. Mama alitusimulia kwenye simu akiwa na sauti ya mtu aliyekwenda harusini.

Kisha asubuhi moja simu ikalia nikiwa kwenye cherehani.

"Mwambie mkwe mlango wake haufunguki."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ndege walipoamka."

Mbao zilikuwa zimekunywa maji usiku kucha na kuvimba, mpira ukabana, na mlango ukawa kitu kimoja na ukuta. Mama alisukuma kwa bega lake zima. Kisha akachukua sufuria akagonga ukuta ili jirani aje. Sasa, msimu huo kila shamba linagonga. Watu wanapiga madebe, makopo na masufuria kuanzia alfajiri. Jirani yake, mama mmoja mchapakazi mwenye shamba linalopakana na lake, alisikia kelele, akafurahi kwamba mwenzake ameamka na nguvu, akachukua debe lake na kumjibu. Wakagongeana hivyo mpaka jua likawa juu. Mama alipoacha, jirani naye akaacha. Na muda wote huo kamba zilikuwa zimelowa na kunasa nje, na ndege walikuwa wanakula.

Tulikwenda kwa pikipiki. Njia nzima nilikuwa nikihesabu makosa yote ya mume wangu tangu tuoane na sikutaka kukatizwa. Tulipofika tulikuta watu wamekizunguka kijumba. Jirani alikuwa ameshatambua kosa lake, anaomba radhi kwa kila aliyepita, na kwa nia njema kabisa alikuwa ameshampigia kaka. Kaka alisema Jumapili atakuja kumchukua mama. Kijana wa jirani alikuwa ameshika shoka.

Sauti ya mama ikatoka dirishani. "Nimeshawaambia, asiguse mtu kazi ya mkwe wangu."

Dirisha lilikuwa dogo mno kupitisha mtu mzima. Mlango ulikataa. Kuvunja kulibaki, au kufungua ukuta, na nati zilikuwa ndani. Mume wangu alisimama akiangalia vile vichwa vya mviringo alivyovisifia miaka yote.

"Muulize mama kama amevaa," akaniambia.

"Mwambie nimejifunga kanga."

Akageuka, akaupa ukuta mgongo, akanipa spana juu ya bega nimpitishie mama dirishani. Akaanza kunielekeza, nami nikamwelekeza mama. Nati ya juu kushoto. Mama akauliza kushoto kwa nani. Nikamuuliza mume wangu. Akasema kushoto akiwa ameangalia ukuta. Mama akasema anaangalia ukuta lakini hapo hakuna nati, kuna msumari wa kutundikia taa. Mume wangu akasema haiwezekani. Mama akasema mwambie aje aone mwenyewe, jambo ambalo lisingewezekana. Tulirudia hivyo mara kadhaa. Jasho lilikuwa linanitoka, watu wanatazama, mama yangu yuko ndani ya joto, na mimi nimesimama katikati nikigeuza shingo huku na huku kama nilivyofanya miaka yote kwa ajili ya chai.

"Semeni wenyewe!" nikapiga kelele. "Mna midomo. Mimi nimechoka."

Nikaondoka, nikaenda kusimama kwenye tuta la jaruba na kuwapa wote mgongo. Madebe ya mashamba ya mbali yalikuwa yanalia.

Kisha nikasikia, kwa sauti ndogo, "Mama."

"Naam, mkwe."

"Inua mkono wako unaoshikia mwiko. Papasa pale ukuta unapokutana na paa."

"Nimepata."

"Zungusha kama unafunga bomba… samahani mama, kama unafungua."

"Inazunguka."

Waliendelea hivyo, nati baada ya nati, yeye akiwa ameegemea nje na mama akiwa ndani, migongo yao ikitenganishwa na ubao. Alikuwa anakumbuka kila nati ilipo. Mara moja mama alicheka, sijui kwa nini, na mume wangu naye akacheka akiwa ameinamisha kichwa. Mwishowe akawaita vijana washike ukuta, na yeye akaenda kusimama mbali, karibu na pikipiki. Ukuta ukashuka taratibu.

Mama alikuwa amekaa kitandani, kanga imefungwa vizuri, spana mkononi. Hakutuangalia. Upande huo ulikuwa unaelekea shambani, na shamba lote lilikuwa mbele yake kama zamani akiwa dunguni.

"Wamemaliza upande wote wa mtoni," akasema. Kisha akasema, "Ukuta huu usirudi."

Tulibaki hadi Jumapili. Mume wangu alilala kwa jirani na mimi nililala na mama. Mume wangu aliupunguza mlango kwa randa, na ule ukuta akaufunga bawaba kwa chini, ukawa unalala mchana kama kibaraza na kusimama usiku. Nyuma yake nilishona wavu wa mbu wa kuteremsha. Nati chache zilibaki ndani, kwa sababu mama alizitaka. Mume wangu alifanya yote akiwa nje. Palipohitaji mkono wa ndani alimwita mama, naye akakaza. "Mama, robo nyingine." "Hiyo hapo, mkwe." Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikuwa mtu aliyeachishwa kazi, na nilifurahi, na nilisikia wivu pia.

Kaka alifika baada ya misa ya kwanza, amevaa suruali yake ya Jumapili na viatu vilivyong'arishwa ambavyo tope lilikuwa limeshavifikia. Alimwamkia mama kwa mbali, akazunguka kijumba mara moja, akagonga ukuta kwa kiganja. Mama alikuwa ndani, amekaa, kamba zimemzunguka. Begi la nguo la mama kaka alilitafuta kwa macho, nikaona hivyo.

"Tulikubaliana," kaka akasema.

"Tulikubaliana," mama akajibu.

Kaka akamgeukia mume wangu. Hakuwa na ubaya, alikuwa mtu aliyewahi kumbeba mama yake na hakutaka kumbeba tena. "Shemeji, ingia unioneshe huo mlango ulivyobana. Nataka nione alivyokuwa amefungiwa."

Mume wangu hakusogea. "Dada yako atakuonesha."

"Umetengeneza wewe. Ingia basi."

"Siwezi kuingia, shemeji."

"Kwa nini?"

Mume wangu aliangalia chini. Si mtu wa maneno. "Nilipokuwa nakitengeneza kilikuwa boksi, niliingia nilivyotaka. Sasa ni chumba cha mama mkwe wangu."

Kaka alikiangalia kijumba tena, magurudumu, kidato, sufuria iliyoning'inia pembeni, pazia. Naye ana wakwe. Ndani, mama alikuwa anaendelea kutazama mpunga wake, ila mikono ilikuwa imeacha kuvuta kamba. Aliogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa, hata hospitalini.

Kaka akasogea hadi kwenye kibaraza. Akainama, akafungua kamba za viatu, akavivua, akavipanga kimoja pembeni ya kingine.

"Hodi," akasema.

Mama akajisogeza kitandani kumpisha. "Karibu, baba. Angalia kichwa."

Kaka aliingia, akakaa kitandani kando yake, magoti yakimfikia kifuani. Alipima mlango kwa kuufungua na kuufunga mara kadhaa. Mama akamwonesha spana, ipo chini ya mto. Kisha akamwekea kamba moja mkononi na kumwambia avute, ndege wale pale, upande wa mtoni. Kaka akavuta. Habari ya kukodisha shamba haikutajwa siku ile, na haijatajwa tena.

Mama bado anahama kila msimu. Mume wangu hukagua magurudumu, miguu, bawaba na paa, halafu hugonga ukuta na kumwambia mama akaze za ndani. Wanaongea wenyewe siku hizi, wakati mwingine muda mrefu, kila mmoja akiangalia upande wake. Pazia la kwanza lilichakaa nikashona lingine. Mume wangu hajui ni la rangi gani, na hajauliza.